Sungura mwenye kupanda maharagi

Dada Annonciata, sikia bibi yangu Thacienne alifanya nini mu 1953! Ametuambia sasa hivi, siamini.

Misioni kule Nyabiondo, sinema ya michoro juu ya shuka. Sungura anapanda maharagi. Katekista anaelezea watu: "Papa Sungura iko analima."

Papa, mwanaume! Na maharagi, kazi ya wamama!

Thacienne, mutoto tu, akasimama mbele ya Padri: "Kwetu papa gani anapandaka maharagi? Ule ni mama!"

Katekista: "Ikala chini! Sungura mukubwa wa hii sinema ni mwanaume."

"Basi kesho ukuje kupanda ya kwetu!"

Wamama wakacheka mupaka Padri akazima mashini. Giza. Thacienne hakuikala. HAKUIKALA, dada!

Mupaka katekista akasema polepole: "Mama Sungura."

Mashini ikawaka. Pale njo akaikala.