Ubao wa Tatu wa Mlango wa Sindeni

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, si juu ya paa la mtu, na kikohozi cha Mama kiwe kimepungua. Mimi sijambo, isipokuwa joto la Korogwe, ambalo wenyeji wananiambia bado ni baridi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu siku hizi husikii vizuri, na jambo lenyewe sitaki kulisema kwa kupiga kelele.

Unajua karakana yetu iko Old Korogwe, karibu na mto. Mimi nachora mapambo kwenye kompyuta, na mashine ya CNC inayachonga kwenye ubao. Mwezi uliopita tulipokea kazi ya mlango wa msikiti wa Sindeni, upande wa Handeni. Mbao walileta wenyewe. Mzee mmoja wa huko alifariki, na wanawe wakaukata mninga uliokuwa shambani kwake, wakautoa sadaka. Mti huo ulitoa mbao tatu tu za upana uliotakiwa kwa pambo la juu ya mlango. Ulihitajika mmoja, mbili zilikuwa za akiba.

Pambo hilo lilitaka saa tano za mashine bila kusimama. Ubao wa kwanza ulikwenda vizuri saa tatu nzima. Halafu biti, kile chuma kinachochonga, ambayo ilipaswa kupita juu juu kwenye petali za ua, ikazama na kuchimba mtaro ambao punje ya mahindi ingelala ndani yake. Ubao wa pili ukaharibika vilevile, baada ya muda uleule. Mara zote mbili nilikuwa nimekwenda kula, na aliyebaki kuangalia mashine ni Mwanahawa.

Mwanahawa ndiye anayepiga msasa. Ni Mzigua, ana umri kama wa dada Skola, na analea watoto wawili peke yake. Nilimwambia Mama Zuhura, mwenye karakana, "Nikiiacha mashine ni nzima, nikirudi imeharibu." Sikutaja jina. Halikuhitajika.

"Mwanahawa, umegusa nini?" Mama Zuhura akauliza.

"Nimegusa ufagio, Mama."

"Ufagio ndio umechimba mninga?"

"Basi uulizwe mninga. Mimi na mashine ya huyo msomi wenu hata hatusalimiani."

Fundi Hemedi, anayechonga kwa patasi, akaingilia. "Ni umeme huo. Umetoka kwenye maji ya bwawa hapo Hale tu, bado umelowa."

Tulicheka, isipokuwa Mama Zuhura. "Umebaki ubao mmoja," alisema. "Watu wa Sindeni niwaambie wakakate mti gani, na marehemu aliacha mmoja? Huu nao ukiharibika ukiwa mikononi mwako, Mwanahawa, utafute kazi kwingine."

Mwanahawa alinitazama. Mimi nikatazama kompyuta.

Ubao wa tatu tuliuweka kando, nikaanza kutafuta. Niliiendesha kazi nzima hewani, bila ubao chini, saa tano. Hakuna kosa, kwa hiyo mchoro ulikuwa sahihi. Nikasafisha vumbi kwenye reli, nikakaza skrubu, nikapitia nyaya moja moja. Nikachonga kipande cha pambo kwenye msonobari kwa saa moja, mara mbili, na mara zote kikatoka safi. Kila jibu safi lilinirudisha kwa Mwanahawa, na nakiri kwamba kulikuwa na raha fulani ndani yake. Fundi anapenda kosa liwe nje ya kazi yake.

Lakini jaribio lenyewe halikuwa la haki. Msonobari ni laini, na saa moja si saa tatu. Nikaunganisha masalia ya mninga kwa gundi mpaka yakatosha upana, nikayafunga mezani. Kabla ya kuwasha, nikachora kwa kalamu ya wino mzito mstari kwenye shina la biti, pale linapoingilia kwenye kishikio. Siku hiyo sikwenda kula.

Saa ya tatu ilipokaribia kwisha, Mwanahawa alikuwa uani akiswali adhuhuri. Hakuna aliyekuwa karibu na mashine ila mimi. Biti ikazama mbele ya macho yangu. Nikazima. Ule mstari ulikuwa umeshuka chini ya kishikio kwa unene wa vijiti viwili vya kiberiti.

Nilipofungua kishikio, ndani kulikuwa na ukanda wa kopo la soda. Niliuweka mwenyewe. Biti tulizoletewa ni nyembamba kidogo kuliko kishikio chetu, nami nikafanya kama unavyofanya wewe kwenye keekee yako ya kutobolea mbao biti ikicheza: nikakata bati la kopo, nikalizungushia, nikakaza. Wakati ule nilijivunia. Niliona hili chuoni hawalijui. Ila mninga ni mgumu, na biti ikichonga saa tatu mfululizo inapata moto. Bati linalainika, biti inateleza kidogo kidogo kushuka. Kazi fupi inakwisha kabla. Na kila baada ya uharibifu nilikuwa naichomoa biti na kuifunga upya, hivyo nilikuwa naufuta ushahidi kwa mkono wangu.

Sikulaumu, Baba. Keekee unaizungusha wewe, na ikilegea mkono wako unajua. Hii inazunguka bila mtu.

Nitakuambia na lile ambalo hapa sikumwambia mtu. Kwa dakika chache nilifikiria kuagiza kishikio sahihi na kunyamaza. Ubao wa tatu ungetoka salama, na wote wangesema, unaona, alipokanywa akaacha. Usalama wa ubao ungekuwa ushahidi dhidi yake.

Nilimngoja amalize kuswali, nikaita wote, nikaonyesha mstari na bati.

"Kumbe ni wewe," alisema Mama Zuhura.

"Ni mimi."

Mwanahawa aliligeuza lile bati kwenye vidole vyake. "Na usingechora huo mstari?" aliniuliza.

"Ungefukuzwa."

"Haya," alisema, akarudi kwenye msasa wake.

Kishikio kililetwa na basi kutoka Tanga. Siku ya kuchonga nilimwomba aangalie mashine nikale. Akasema, "Kaa na mashine yako." Nilikaa. Ubao umetoka bila doa, na watu wa Sindeni wameshauchukua. Mwanahawa bado yuko kazini. Asubuhi nikimsalimia hujibu "salama", bila hasira, kisha huendelea na msasa wake. Haniulizi nami nimeamkaje.

Msalimie Mama, na Bibi mzaa Mama, na dada Skola na shemeji. Katekista wetu, aliyenifundisha kusoma, mwambie namkumbuka.

Ukijibu, usinifariji. Niambie tu kama uliwahi kumsingizia mtu kazini, na ilichukua muda gani mpaka akakuuliza tena umeamkaje.

Ni mimi binti yako,
Immakulata