Wageni wa Jumapili

2 Aprili 2006

Kwa dada yangu Miriam,

Salamu nyingi kutoka huku mashambani, kwenye ngano na kondoo. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na zamu za hospitali? Mimi mzima, ila simu zangu hushiki tangu Krismasi, nilipokuambia kwamba napenda wanaume. Sawa, nuna. Leo siombi kwa ajili yangu.

Nina wanafunzi watano walio kama mimi. Mmoja wao, Tegan, alitolewa kwenye kwaya ya kanisa lao watu walipojua anampenda msichana mwenzake. Akaacha kula, akataka kuacha na shule. Basi nikasimama mbele ya wazazi wote, nikasema mimi pia niko hivyo, na kwamba kila Alhamisi watoto hawa wataandika mashairi darasani kwangu. Sasa wamealikwa kuyasoma huko mjini kwako, Lidcombe, Jumamosi tarehe 13 Mei. Mkuu wa shule anataka walale kwa mtu anayeaminika. Bila hivyo safari imekufa. Sebule yako inatosha. Mimi nitalala kwingine.

Mdogo wako,
Mwiti

23 Aprili 2006

Mwiti,

Salamu. Mgongo bado.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Waje. Magodoro nitaazima kwa Verdiane, jirani yangu Mrundi. Lakini Jumapili watabaki nyumbani. Unajua kanisani kwetu mgeni lazima asimame, na mwenyeji wake asimame naye aseme ni nani. Nitasema nini mimi, shemasi mzima?

Miriam

15 Mei 2006

Ndugu yangu Mwiti,

Nakusalimu kwa furaha. Natumaini mmefika salama, na chapati zimefika nanyi.

Watoto watakuwa wameshakuhadithia kwa Kiingereza chao. Acha nami nikueleze. Jumapili asubuhi, kabla hujaja kuwachukua, nilimkuta Tegan amevaa, amechana nywele, amekaa karibu na mlango. Akaniuliza kama kwetu tunaimba. Nikamwambia tunaimba. Nikawabeba wote watano hadi kanisani kwetu, Rooty Hill.

Mchungaji akaita wageni. Wakasimama, mimi nikabaki nimekaa. Tegan akanishika mkono. Alidhani ni mgongo. Nikainuka.

Nikasema, "Bwana asifiwe. Hawa ni wanafunzi wa ndugu yangu Mwiti. Yeye anapenda wanaume, na mimi nimemnunia tangu Krismasi. Aibu ni yangu."

Amina zilikuwa chache. Familia mbili zilitoka nje, na ushemasi wangu sijui kama utafika Juni. Ndipo Verdiane akapaza sauti kule nyuma, "Karibuni sana, watoto wetu!" Wimbo ukaanza, na Tegan akaimba sauti ya pili bila kujua hata neno moja, machozi yakimtoka. Nami nililia, sikujificha.

Krismasi njoo. Kama una mtu wako, njoo naye, ila niambie mapema nikande unga wa kutosha.

Barua iliyopita nilimalizia kwa jina tupu. Sikusahau, Mwiti, nilikunyima. Haya, pokea.

Dada yako,
Miriam