Ngazi ya Sita

Igogo, Mwanza

Dada Sihaba,

Shikamoo. Dagaa uliowatuma kutoka Busisi wamefika. Wana mchanga, lakini tutakula.

Sasa sikia habari ya Shamsa, mke wa mwanangu Lukman. Daktari kasema ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unamchosha na kumlegeza miguu. Sikuamini. Asubuhi anatembea vizuri mbele yangu, ikifika adhuhuri eti hawezi hata kuosha kikombe. Uchovu gani huo wenye saa? Nikajua ananidanganya.

Jana asubuhi nikamuaga kwamba naenda sokoni, kumbe nimejibanza nyuma ya lile jiwe kubwa, juu ya ngazi zetu. Nikamwona anapanda na ndoo kutoka bombani. Ngazi ya sita akaitua, akatazama huku na huku. Alipoona hakuna mtu, akapanda kwa magoti na mikono, akiivuta ndoo ngazi moja moja. Mlangoni akasimama, akapangusa vumbi magotini, akajinyoosha, ndipo akaita kwa sauti ya mtu mzima wa afya, "Mama, umesharudi?"

Kwa hiyo sikukosea, dada. Alikuwa ananidanganya kila asubuhi.

Mdogo wako Yasmin, ambaye leo kachota maji mwenyewe.