Mwalimu Aliyekuja Zizini

Ilongero

Marahaba, Neema. Hatujambo, mtama umeiva. Unauliza, mafunzo yenu ya kuwashauri wazazi kuhusu ada za chuo yatafaa nini mzazi akigoma?

Miaka ya Ujamaa nilichaguliwa chuo cha ualimu, baba akakataa. Mwalimu wetu, aliyekuwa ametoka semina kama yako, alimkuta zizini. Alishika miiba, wakaziba ua pamoja, kisha akauliza, "Mzee, unahofia nini?"

"Ng'ombe wakiuzwa, wadogo zake watakunywa nini?"

"Hauzwi hata mmoja. Serikali inalipa ada, chakula na nauli."

Baba akaziba pengo la mwisho. Sijamsahau mwalimu yule: aliuliza kwanza, akasikiliza.

Kisha baba akachukua fimbo yake. "Twende kwa jirani, mwalimu. Naye ana binti."

Bibi yako anayekuombea,
Mariamu