Mashuka Yaliyoiita Ndege

Kwa mke wangu, Mama Wanjiru, Kamenu, Thika.

Nakusalimu wewe kwanza, kisha watoto. Je, kifua chako kimepona? Paa la jikoni limezibwa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, na moyo wangu hauna raha. Sababu ni Mburu.

Unamkumbuka Mburu wa Ruiru, niliyemfundisha hesabu. Sasa tumo katika karakana moja ya chuo. Tuna ndege ndogo isiyo na rubani, na kazi yangu ni kusimama uwanjani na kuishusha kwa redio ya mkononi. Mburu ameifungia kamera puani. Kompyuta huzitazama picha zake, huitafuta mistari miwili ya chokaa iliyochorwa uwanjani, kisha huishusha ndege katikati. Ikifaulu, mimi sina kazi. Wakubwa humsifu mbele yangu.

"Mwalimu, kompyuta haitetemeki mkono," huniambia akicheka. Mkono huo ndio uliomfundisha kushika chaki!

Jumamosi nilifua. Chumba changu ki kando ya uwanja, nami sina kamba. Nikayaanika mashuka nyasini kama tufanyavyo nyumbani, kwa safu mbili zilizonyooka, maana sipendi kitu kilichopinda. Sikujua kwamba wangeirusha ndege siku hiyo. Ilikuja, ikaiacha chokaa, ikayageukia mashuka yangu, ikatua juu yake vizuri kabisa, kisha ikateleza, ikajigonga kwenye ua wa chumba changu. Bawa likavunjika.

Mkuu wetu aliniuliza kama nilifanya makusudi. Sikufanya, lakini nilikuwa nimefurahi, nikainama kuyakung'uta mashuka. Mburu ndiye aliyejibu.

"Mzee hana makosa. Kwetu Ruiru nguo huanikwa nyasini. Hii ndege tukiipeleka huko, itatua kwa kila boma!"

Wote wakacheka. Hata kwa wema amenishinda, nami nikazidi kumwonea wivu.

Sasa ameomba niyaanike mashuka kila wanapoijaribu ndege, mpaka kompyuta ijue kuyatofautisha na uwanja. Nimekubali. Siku ndege itakapoyapita bila kuyajali, nitafunga mizigo nirudi nyumbani.

Nisalimie mama mkwe, na ndugu yangu fundi viatu wa Githurai. Mamake Mburu akija kujigamba, mpe chai, kisha umwulize kwa upole habari za bawa.

Leo nimenunua mashuka mengine mawili, meupe kuliko chokaa.

Ni mimi mumeo,
Baba Wanjiru