Siji Kukukata Nywele

Yasunori mwanangu,

Kadi yako imefika. Mimi mzima. Theluji imevunja paa la banda, na bado tunaizoa barabarani kwa koleo.

Unasema unaacha mieleka ya sumo kwa sababu ya goti. Unataka nipande ulingoni na wageni wengine, kila mtu akate nywele kidogo, halafu mwalimu wako amalizie kwa kukata fundo lote la nywele utosini. Desturi naijua.

Lakini goti hilo kaliua nani? Ulikuwa mwembamba. Ulikuwa unashika mkanda wa jitu zima, unageuza kiuno, jitu liko chini. Mwalimu akasema ufundi hautoshi, unene kwanza. Akakushindilia wali mpaka miguu ikashindwa kukubeba. Juzi Gonda, msimamizi wetu wa kuzoa theluji, kaniuliza mbele ya watu, "Mzee, mwanao anapigana na watu au na sahani?" Wakacheka.

Na mama yako alipokufa, mwalimu huyohuyo alikukataza kuja, eti mashindano hayajaisha. Nilimzika bila wewe.

Leo nimwinamie, nishike mkasi, halafu nimwachie yeye fundo? Ulingoni sipandi. Mwambie hivyohivyo, usinitafutie ugonjwa wa kusingizia.

Nitasimama nje, mlango wa nyuma. Ukishamaliza nao, njoo twende nyumbani. Nitakuja na kofia, maana huku baridi inakata masikio na wewe kichwa chako hakijazoea.

Ni mimi baba yako,
Eikichi