Nilisinzia Juu ya Mayai ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naandika kwa mkono mmoja, wa pili umembeba mtoto anayeota meno na hataki kuwekwa chini, kwa hiyo univumilie mwandiko, ila naomba unisaidie kabla ya Ijumaa.

Mama mkwe wangu alikuwa na kuku wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, wa mwisho katika ukoo wa kuku alioachiwa na mama yake. Mwewe akamchukua, mama mkwe mwenyewe anaona. Yakabaki mayai kumi, na kwa kuwa sisi tuna mashine ndogo ya kutotolesha, ile ya kukaa mezani yenye kifuniko cha plastiki kinachoonyesha ndani, aliyaleta mwenyewe, kila yai limefungwa kitambaa chake. Akaniambia, "Haya ndiyo yaliyobaki, mwanangu. Ukichoka, niite." Wifi yangu aliyekuja naye akacheka, "Mashine tena? Kuku hana cheti, lakini hajawahi kusinzia kazini." Basi nikaapa moyoni kwamba siiti mtu.

Mshauri, niliyapenda mayai yale. Nayageuza mara tatu kwa siku, mtoto kiunoni, na mashine inavuma taratibu kama mtu anayeimba amefunga mdomo, na mwanga wake wa njano unalala ukutani, mpaka naona kama sote tumo ndani ya kitu kimoja chenye joto. Siku ya saba niliyamulika kwa tochi ya simu, nikaona mishipa myembamba kama nyuzi na katikati kitone kinachorukaruka. Yote kumi.

Juzi mchana, siku ya kumi na nne, nikaichomoa mashine ili nipige pasi shati la kazi la mume wangu, maana chumba kina soketi moja, nikasema dakika tano tu, mtoto akalia, nikakaa nimnyonyeshe, usingizi ukanibeba hapohapo kitini. Nikaota nimo ndani ya yai. Ukuta ulikuwa mwekundu kama kiganja ukikiweka mbele ya tochi, palikuwa kimya, hakuna aliyeniita, na nisikufiche, sikutaka kutoka. Nilipoamka jua lilikuwa limehama dirisha, na kipimajoto kinasoma ishirini na sita badala ya thelathini na saba na nusu. Nililala karibu saa tatu nzima.

Nimeichomeka tena lakini sijathubutu kumulika. Mama mkwe anakuja Ijumaa, siku ya kutotoka. Sokoni kuna mama anauza vifaranga wa siku moja. Nafikiria kununua kumi, niwaweke ndani, nifunike. Nikifumba macho nawaona wakitikisika, mama mkwe anatabasamu, na hakuna mtu aliyewahi kulala. Je, ni kosa kubwa sana?

Mimi, Msinziaji

JIBU

Msinziaji, nilikujibu kwa simu kabla gazeti halijatoka, kwa sababu mayai hayamsubiri mhariri. Hapa narudia kwa ajili ya wasinziaji wenzako.

Pole, mama. Sasa nisikilize. Kifaranga wa kishingo hutoka ndani ya ganda shingo ikiwa wazi tangu siku ya kwanza. Mama mkwe wako amekua na kuku hao. Utamwonyesha vifaranga kumi wenye shingo za manyoya, atakunyamazia kwa heshima, na kimya hicho mtakaa nacho mezani miaka mingi. Usinunue.

Mulika leo hii. Funga pazia, yai moja moja, usikawie. Ukiona giza kubwa lenye mishipa pembeni, na kitu kinajinyoosha, yumo. Ukiona duara la damu, au uji mweusi unaochezacheza bila mshipa hata mmoja, litoe. Mayai yaliyopoa saa chache mengi hurudi, ingawa yanaweza kuchelewa siku moja. Kuku mwenyewe huinuka akaenda kula. Na mwambie wifi yako kwamba kuku husinzia kazini kila siku, ila yeye hana waya wa kuchomoa.

Geuza mpaka siku ya kumi na nane, kisha acha. Ongeza maji, funika, na usifunue tena hata wakilia namna gani, mpaka wakauke. Shati la mume wako akalipigie pasi kwa jirani, mikono anayo.

Tuje kwenye ndoto. Mtu anayeota yumo ndani ya yai na hataki kutoka, huyo amechoka mpaka kwenye mifupa, na wewe ulishaambiwa la kufanya tangu siku ya kwanza. Umeliandika mwenyewe kwenye barua, kabla tu ya kejeli za wifi, ukalipita. Mama aliyenyang'anywa kuku wake wa mwisho akiona, unadhani alikuletea mayai akupime? Anatamani kukaa karibu nayo, anaona haya kukuomba. Mpigie. Mwambie, "Mama, nilisinzia, yakapoa." Usijitetee. Akifika mpe kiti kando ya mashine, mpe na mtoto, kisha nenda ukalale, mlango uuache wazi kidogo usikie vifaranga wakigonga ganda.

Alisema ukichoka umwite. Umechoka. Mwite.